Kivuli Kilichokataa Kukonda

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata nyanya yangu aliisikia kwa wengine tu, wanyama walijenga nyumba, wakalima, wakaoana na kugombana kama sisi. Sogeeni. Na wewe uliye pale mlangoni, ingia ndani. Hadithi hii haisikilizwi mtu akiwa ameipa nje mgongo.

Katika nchi ya Mawe Mekundu aliishi Kifaru na mkewe na binti yao mdogo, Siwatu. Kifaru alikuwa mkulima wa viazi na mlaji wa viazi, na kazi ya pili aliiweza zaidi. Alinenepa mpaka akipita njiani, tutu, tutu, tutu, vyungu vya majirani vinacheza mekoni. Majirani walicheka, naye alicheka nao.

Siku moja akipanda kwenda chemchemini, pumzi ilimkatika. Akakaa chini njiani, moyo ukimgonga kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Hapo akamkumbuka baba yake, ambaye naye alikaa chini kwenye njia ile ile, kupumzika kidogo, na hakuinuka tena. Kifaru aliogopa. Aliogopa Siwatu asije akalelewa na habari za baba badala ya baba mwenyewe.

Kutaka kupungua hakukosea. Nasema mapema, asije mmoja wenu akaenda kumwambia mama yake kwamba nimewaruhusu mle na kulala.

Shida ilikuwa moja: afanye mazoezi kiasi gani? Mkewe, Mama Siwatu, alisema wawe wanatembea pamoja hadi chemchemini kila asubuhi, na sahani ya pili ya viazi iachwe chunguni. Kifaru aliona ushauri huo ni mdogo mno kwa mwili mkubwa kama wake. Akaenda kwa Pimbi.

Pimbi mnamjua. Ni kale kamnyama ka majabalini, hakana mkia wala kazi, kanashinda juu ya jiwe kanaota jua. Lakini kwa kuota jua maisha yake yote, Pimbi alilijua jua kuliko mkulima yeyote. Alijua linapotokea, linapokaa, na linavyokifanya kila kilicho chini yake. Wenzake walimwita mvivu. Yeye alijiita mwalimu.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Hawakuwa na kioo wala mizani, kwa hiyo mwili walipima kwa kivuli. Mtoto akikua, mwali akinenepeshwa, mgonjwa akipona, alisimamishwa uani na kivuli chake kikachorewa mstari kwa kijiti. Walipima jua likichomoza tu nyuma ya kilima, na si wakati mwingine wowote. Ukiwauliza kwa nini, walisema ndivyo walivyokuta. Pimbi peke yake ndiye aliyejua kwa nini, na hakumwambia mtu.

"Unataka kupungua haraka au polepole?" Pimbi alimuuliza.

"Haraka," alisema Kifaru. Nani amewahi kujibu polepole?

Pimbi akamsimamisha kwenye jua la asubuhi, akachora mstari kuzunguka kivuli chake kirefu, kisha akamwambia akizunguke kilima mbio, asisimame mpaka aitwe. Kifaru akaondoka, tutu, tutu, tutu, vumbi likitimka nyuma yake. Jua likapanda.

Lilipofika utosini, Pimbi akamwita. Mchana ule kila kitu kilikuwa kimenyamaza. Nyenje walikuwa wamekata sauti, na hakuna jani lililotikisika. Kifaru akainama kutazama. Kivuli chake kilikuwa kimekwisha. Lilibaki doa moja jeusi chini ya tumbo, kama kitu kilichojikunyata ili kisionekane.

"Nimepungua," alinong'ona.

"Umepungua," Pimbi alisema. "Sasa lala kidogo tuone."

Kifaru alilala hapo hapo. Alipoamka jua lilikuwa limeteremka, na kivuli kilikuwa kimelala kando yake, kimejinyoosha hadi vichakani, kikubwa kuliko asubuhi. Kilikuwa kimya. Alipoinua kichwa, nacho kiliinua kichwa.

Pimbi akashuka jiweni, akamsogelea mpaka sikioni.

"Mafuta hayafi, bwana mkubwa. Ukiyafukuza mwilini yanakwenda kukaa pale chini, kwenye weusi ule. Ukipumzika, yanakupanda tena kupitia miguuni. Huisikii baridi?"

Kifaru aliisikia. Hata wewe ungeisikia, kama umelala chini tangu mchana na umeloa jasho. Lakini yeye hakulifikiria hilo. Aliruka akasimama, akataka kujua la kufanya. Pimbi akamwambia akimbie kutwa nzima, asikae, na chakula cha mchana asikionje mpaka kivuli kiishe kabisa. Kikapu cha chakula akilete pale jabalini, mwalimu atakitunza.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Mama Siwatu alijaza kikapu viazi, kunde na mboga, na kila jioni kilirudi kitupu. Alifurahi kwamba mumewe anakula vizuri na anafanya mazoezi. Kisha furaha ikaanza kumtoka, kwa sababu kikapu kilirudi kitupu na mume alirudi nusu. Akamwongezea kunde. Mume akazidi kupungua. Mama Siwatu akaanza kuamini kwamba kuna kitu mle kilimani kinachomla.

Vyungu vya majirani viliacha kucheza. Kifaru, ambaye zamani alisikika kabla ya kuonekana, sasa alikuwa hasikiki kabisa. Mtu angekuwa anapepeta mchele uani, akageuka, akamkuta amesimama nyuma yake. Sauti pekee iliyobaki ni ya ngozi iliyomlegea, kwachu, kwachu, ikipigapiga mbavu. Majirani waliacha kucheka. Walipomwona kwa mbali waliwaita watoto ndani.

Jioni ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Alirudi jua likiwa mgongoni mwake, kwa hiyo kivuli ndicho kilichotangulia kuingia nyumbani. Kiliingia kinene, kipana, kina afya tele, kikapanda ukutani. Mama Siwatu alikiangalia akamtambua mume aliyemwoa. Halafu nyuma yake akaingia mtu mwingine, mifupa mitupu, macho yamerudi ndani.

Siwatu alijificha nyuma ya mtungi.

"Mama," alisema, "kuna mtu amevaa ngozi ya baba."

Kifaru aliyasikia maneno hayo. Yalimuuma sana, kwa maana alikuwa akikimbia kwa ajili ya mtoto huyo huyo. Mkewe alimsihi apumzike hata kesho tu. Alikataa. Alisema akipumzika siku moja kitampanda, na macho yake yalikuwa chini, yanakitazama kile kilicholala miguuni pake.

Magoti yakavimba. Usingizi ukampotea. Alianza kuanguka njiani, na kila alipoanguka, sauti ilimjia ikizunguka kilima, asijue inatoka upande gani: "Baaado. Bado kidogo." Aliinuka akakimbia. Juu ya jabali Pimbi alikuwa akijilamba vidole. Mashavu yalikuwa yamemjaa, na tumbo lilikuwa limeanza kumzuia kuona miguu yake.

Kisha kukaja siku ya mawingu. Anga lote lilifunga, zito na la kijivu. Pimbi hapendi baridi. Siku kama hiyo hatoki pangoni. Kifaru alifika jabalini peke yake, akasimama penye mstari kama kawaida, akatazama chini.

Hakuna kitu.

Akageuka huku na huku. Akainua mguu mmoja, akainua mwingine. Akachungulia chini ya tumbo. Hakuna hata doa. Kwanza alitaka kucheka. Kisha akashtuka, kwa sababu katika nchi ya Mawe Mekundu kila mtoto anajua ni nani wasio na kivuli. Ni marehemu.

Alirudi nyumbani polepole, hatua zake hazitoi sauti, na njiani hakukutana na mtu, maana kulikuwa na baridi na wote walikuwa ndani wanaota moto. Yeye aliona hiyo nayo ni dalili. Alipofika hakuingia. Alisimama uani, akamwita mkewe kwa upole.

"Mama Siwatu, usiogope. Nadhani nimekufa. Sikujua imetokea lini."

Mkewe alitoka. Alisisimkwa mwili mzima, siwafichi. Mtu aliyesimama mbele yake alifanana kabisa na alichokisema. Alimtazama usoni, akatazama chini ya miguu yake. Kweli, hakuna kitu. Halafu akatazama chini ya miguu yake mwenyewe.

"Mbona na mimi sina?" alisema.

Akautazama mtungi. Hauna. Akautazama mchi uliosimama kwenye kinu. Hauna. Kuku alipita mbele yao, naye hana.

"Ama tumekufa sote na kuku wetu," alisema Mama Siwatu, "ama jua ndilo halipo. Ingia ndani ule."

Kesho yake jua lilitoka. Kifaru alitaka kwenda mbio, lakini mkewe alimshika mkono akamkalisha kizingitini. Akauchimbia mchi katikati ya uwanja, wakakaa wakautazama. Asubuhi kivuli cha mchi kilikuwa kirefu. Jua lilipofika utosini kikawa doa. Jua lilipoteremka kikakua tena, kikatambaa mpaka kwenye ukuta wa jikoni, kirefu kuliko asubuhi.

"Baba Siwatu," aliuliza mkewe, "huu mchi umekimbia wapi hata ukakonda mchana? Na jioni umekula nini?"

Kifaru alikuwa akiutazama tu, na machozi yalikuwa yakimshuka.

"Na wewe mchana unakula nini?"

"Sijawahi kula mchana. Nimeambiwa nitakula kivuli kikiisha."

Mama Siwatu alikumbuka vile vikapu vyote, na jinsi alivyokuwa akivijaza kwa mikono yake akidhani anamlisha mume. Hakupiga kelele. Mimi ningepiga kelele mpaka bonde la pili.

Asubuhi iliyofuata alijaza kikapu kama kawaida, akaenda na mumewe jabalini, na majirani akawachukua. Alimsalimu Pimbi kwa heshima zote, akamwambia kwamba wamekuja kumsaidia. Wameona wote jinsi mwalimu alivyonenepa. Bila shaka mafuta ya Kifaru yalipokosa pa kukaa yamemrukia yeye, na si haki mwalimu ateseke kwa ajili ya mwanafunzi.

"Kwa hiyo leo utakizunguka kilima wewe," alisema. "Kikapu tutakutunzia sisi. Utakula kivuli chako kikiisha."

Pimbi alianza kucheka. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Majirani walikuwa wameziba nyufa zote za mawe kwa miili yao, na Kifaru, pamoja na wembamba wake wote, bado alikuwa na pembe.

Basi Pimbi akakimbia. Pitipiti, pitipiti, tumbo likiburuzika. Mchana alijitupa chini mbele yao akahema. Mama Siwatu aliinama akatazama. Akasema anaona doa. Bado kidogo. Pimbi akainuka. Jua likaanza kuteremka, na kivuli kikatoka chini yake, kikawa kama sungura, kikawa kama mbuzi, kikawa kirefu kuliko hata Kifaru. Akigeuka, kipo. Akiongeza mbio, nacho kinaongeza. Yeye aliyekijua kivuli kuliko wote akaanza kukikimbia, maana mwili uliochoka haukumbuki unachokijua. Sauti iliyosikika ni miguu ile midogo tu, na neno moja alilolitamka Kifaru kila Pimbi alipopita, taratibu, bila hasira.

"Bado."

Mwishowe Pimbi alianguka kifudifudi akalia.

"Hakiishi! Hakijawahi kuisha! Kivuli ni cha jua, hakijui mafuta, hakijui mbio. Mtu atakimbia mpaka afe, na kivuli kitakuwa pale pale kando ya maiti yake!"

Mama Siwatu akapiga magoti, akamtazama machoni.

"Kumbe ulijua," alisema.

Walimwachia Pimbi njia, akajikokota hadi kwenye ufa wa jiwe akaingia. Kifaru alikaa chini palepale, akafungua kikapu, akala chakula chake cha mchana jioni, na hakuna aliyemharakisha.

Alipopata nguvu, alianza kutembea na mkewe hadi chemchemini. Kipimo chao kilikuwa mazungumzo: Kifaru akishindwa kumjibu mkewe kwa kukosa pumzi, wanapunguza mwendo, akiweza kuimba, wanaongeza. Magoti yakiuma, wanabaki nyumbani siku hiyo. Alipungua, polepole sana, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema ni siku gani, na Siwatu alikua akiwa na baba.

Hadithi nimeiachia hapo, na funzo lake beba uende nalo: mazoezi yanayokunyima chakula, usingizi na pumzi ya kuongea na watu wako hayapunguzi unene, yanakupunguza wewe.