Matairi ya Gari Tupu

Sogeeni mbele kidogo, wapendwa, na hawa waliosimama mlangoni wapate kuingia. Mvua ya leo haina adabu. Nina kisa cha mwanamke na matairi yake, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, maana kabla sijakaa kitakuwa kimepiga hodi kwa kila mmoja wetu, na kwangu pia.

Kulikuwa na fundi cherehani huko milimani Rungwe, mwanamke wa makamo. Tumwite Tusajigwe. Alishona sare za shule, na kwa kazi ya kuzipeleka sare hizo alikuwa na gari dogo jeupe, lile ambalo watu wazima wakijaa nyuma, magoti yanafika kifuani. Aliishi na mama yake. Na yule mama, ndugu zangu, alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, polepole, mpaka akawa anatembea ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa kupapasa ukuta.

Sasa zikaja habari kwamba madaktari wa macho watafika hospitali ya misheni, upande wa pili wa milima, wafanye upasuaji kwa siku chache kisha waondoke. Mama akaandikishwa. Wazee wawili majirani, Mzee Mwasomola na Bibi Sekela, nao wakaandikishwa, kwa sababu Tusajigwe aliwaambia, "Nitawachukua wote. Tutabanana, lakini tutafika."

Lilibaki jambo moja. Matairi ya lile gari yalikuwa yamekwisha, yamekuwa vipara kabisa. Na mnaijua barabara ya kule mvua ikinyesha. Udongo unageuka sabuni.

Tusajigwe alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Ambakisye, mfanyabiashara wa mjini Dar es Salaam. Huyu ndiye aliyesomeshwa na ile cherehani, tangu darasa la kwanza hadi chuo. Alikuwa hajafika nyumbani kwa muda mrefu. Kila mwaka alisema atakuja, na kila mwaka kukawa na sababu. Aliposikia dada yake anahitaji matairi, hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, na nyuma ya gari alilopanda kulikuwa na magurudumu manne ya kumetameta, rimu kubwa za fedha na nyeusi, na matairi yake mapana, mapya, yananukia duka.

Fundi wa pale njiapanda aliyafunga. Matundu yalilingana, nati zikakazwa, gari likashuka kwenye jeki. Lilisimama juu kuliko zamani, likapendeza, likawa kama si lile. Watu waliacha kununua nyanya wakaja kutazama.

"Dada, sasa na wewe utaonekana," Ambakisye alisema.

"Asante, mdogo wangu. Umenivisha nguo nisiyoitegemea."

Na furaha yake ilikuwa ya kweli. Jumapili aliendesha peke yake hadi kanisani, barabara imenyooka, gari linateleza kimya. Wanakwaya walimpigia vigelegele uwanjani. Jambo moja tu lilimshangaza. Mshale wa mwendo ulionyesha anakwenda taratibu, huku miti ikimpita haraka kuliko mshale ulivyosema. Akalipuuza. Nani anataka kuchunguza zawadi siku ya kwanza?

Aliporudi, Ambakisye alimshika mama yao mkono, akamtoa nje, akauweka mkono ule juu ya rimu. Mama alipapasa. Vidole vilizunguka lile gurudumu lote, vikapita kwenye kila tundu, vikarudi.

"Ni laini," mama alisema. "Ni ya baridi, na ni makubwa. Mmefanya vizuri, wanangu." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, "Na sisi wazee watatu tukikaa humo, yatatufikisha kwa daktari?"

"Mama, haya yatakufikisha hata Nairobi," Ambakisye alijibu akicheka.

Tusajigwe hakucheka. Lile swali lilimkaa. Aligundua kwamba tangu magurudumu yafungwe, hakuna mtu aliyepanda gari lile ila yeye. Basi alimwita Bibi Sekela na Mzee Mwasomola, na mzee yule, wapendwa, hakuwa mwembamba. Akawakalisha nyuma.

"Na wewe, mdogo wangu, kaa nao."

"Mimi? Nyuma?"

"Kaa nyuma, tafadhali."

Alimkalisha mama mbele, akawasha gari. Kwenye ule unyoofu wa kwanza, hapakuwa na neno. Walipofika penye kona ya kanisa, Tusajigwe alikata usukani, na chini yao ikatoka sauti mbaya, sauti ya kukwaruza, kama mtu anaburuta bati juu ya zege. Alinyoosha, ikakoma. Alikata tena, ikarudi. Harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani.

Akasimamisha gari na kushuka. Alichuchumaa kando ya tairi la mbele na kuona. Ukingo wa ndani wa digadi, lile bati linalofunika tairi kwa juu, ulikuwa umelikwangua tairi jipya, mstari mrefu wenye kina cha kucha. Gari likiwa tupu, tairi lilikuwa na nafasi. Lilipobeba watu, lilikaa chini, na tairi likikata kona halikuwa na pa kupita.

Nisimame hapa kidogo niwaulize. Kuna kosa gani katika magurudumu yale? Yalikuwa mapya, imara, ya bei. Kwenye gari lingine yangekuwa baraka. Lakini kwenye gari lile yalikuwa mazuri kwa masharti mawili: lisibebe mtu, na lisikate kona. Gari la namna hiyo ni la nini?

Wakarudi polepole kwa yule fundi wa njiapanda. Fundi akatazama, akasema si shida. "Hizi kingo za digadi tunazikata kidogo, tunazipiga nyundo, tairi linapata raha."

"Mnataka kulikata gari ili tairi lipate raha?" Tusajigwe aliuliza.

"Watu wengi wanafanya hivyo, mama."

Tusajigwe alifungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kulikuwa na kibandiko kidogo, kimekuwapo siku zote, hakuna aliyewahi kukisoma, hata yeye mwenyewe. Kilieleza tairi la gari lile: upana wake, kimo cha ubavu wake, ukubwa wa rimu yake. Akalinganisha na nambari zilizochapwa ubavuni mwa yale mapya. Hata nambari moja haikufanana.

"Ambakisye, tutayabadilisha."

Uso wa yule mwanaume ulibadilika. "Dada, kanisa zima limeyaona. Nitasemaje? Nilileta matairi mabovu?"

"Si mabovu. Si ya hili gari."

"Mimi nilitaka nikufanyie kitu kikubwa," alisema, na sauti yake ilishuka. "Kwa miaka yote ile uliyoshona. Nilitaka watu wajue sijasahau."

Tusajigwe alitamani kumshika bega, akaogopa kumwaibisha mbele ya fundi. "Najua," alisema. "Lakini mama anakwenda kwa daktari, na njiani kuna kona."

Jioni ile Tusajigwe alijilaumu. Aliona kama amempokea mdogo wake kwa mkono mmoja na kumsukuma kwa mwingine. Lakini asubuhi alitoka na jeki, akaiweka chini ya gari, akaanza kulegeza nati mwenyewe. Nati ya pili ilimshinda. Alikuwa ameinama pale, anavuta, alipoona viatu vya mjini vimesimama kando yake kwenye tope.

"Nipe spana, dada," Ambakisye alisema.

Akampa. Yule mwanaume alipiga goti na suruali yake safi, akazifungua nati zote. Wakayarudishia yale makuukuu kwa safari ya taratibu ya kwenda Mbeya, wakayapakia makubwa nyuma, viti vimelazwa.

Muuza matairi mjini alikubali wabadilishane. Akawaletea rimu za chuma, za kawaida, na matairi mapya manne. Tusajigwe akainama na kusoma ubavu wa kila moja. Mawili yalilingana na kibandiko. Mawili yalikuwa membamba zaidi.

"Tofauti ni kidogo sana, dada," muuzaji alisema. "Weka haya mbele, haya nyuma. Hakuna atakayejua."

Hapo Tusajigwe alifumbua mdomo ajibu, lakini Ambakisye alimtangulia. "Gari litajua," alisema. "Tafuta mengine. Tunayataka yote manne sawasawa. Tunasubiri."

Wakasubiri. Yakapatikana.

Siku ya safari ilinyesha tangu alfajiri. Mama alikaa mbele. Nyuma wakabanana Mzee Mwasomola, Bibi Sekela na Ambakisye, naye amejikunja kama kiti cha kukunja. Wakapanda milima, wakashuka, wakapanda. Matairi yalishika njia. Walipobakiza mlima mmoja, wakakuta lori la ndizi limeteleza, limekaa mshazari katikati ya barabara. Upande mmoja korongo. Upande wa pili, kati ya lori na ukingo wa mlima, kulikuwa na kijia, kinaanza na kona kali na kuishia na kona kali.

Dereva wa lori alikuja dirishani. "Mama, magari makubwa yamerudi. Ukipita karibu na ukingo, ukate usukani mpaka mwisho, gari lako linaweza kutosha. Lakini mmejaa. Labda hawa washuke."

Tusajigwe alitazama mvua, akawatazama wazee wale na mama yake asiyeona. Washuke waende wapi, kwenye lile tope? Aliwaza pia juu ya madaktari, ambao kesho yake walikuwa wanafunga mizigo.

"Watakaa," alisema. "Niongoze tu."

Akaweka gia ya kwanza. Akakata usukani mpaka mwisho, mpaka ukagoma. Gari likazama upande mmoja kwa uzito wa watu wake. Kwenye kioo alimwona Ambakisye ameinamisha kichwa, anasikiliza. Na yeye Tusajigwe alikuwa anaisubiri sauti ile ile, ya bati juu ya zege. Alisubiri kwa mwili mzima. Haikuja. Palisikika mvua, na Bibi Sekela akinong'ona sala, na matairi yakizunguka ndani ya nafasi yao, yakiuma tope na kuliachia. Akakata upande wa pili mpaka mwisho. Kimya vilevile. Ubavu wa lori ukapita karibu na kioo, kisha ukabaki nyuma, na barabara ikawa mbele yao.

Waliokuwa wamekwama pale upande wa pili walipiga makofi. Ndani ya gari Mzee Mwasomola akaanzisha wimbo kwa sauti yake ya besi, mama akaudaka, na gari dogo likapanda mlima wa mwisho likiwa linaimba.

Wakafika. Wote watatu wakapasuliwa macho.

Siku ya kufungua bandeji, wengine wote wa lile gari walikaa kwenye benchi la uwanja wa hospitali. Mvua ilikuwa imekatika. Muuguzi akamtoa mama nje, akamwambia afumbue macho taratibu. Mbele yake, hatua chache tu, lilikuwa limeegeshwa gari la binti yake, limetapakaa tope hadi madirishani.

Sasa niambieni, wapendwa. Tumezungumza habari za magurudumu tangu tuanze. Mnadhani yule mama alipofumbua macho aliyatazama magurudumu gani?

Hakutazama lolote. Macho yake yalipita juu ya lile gari kana kwamba halipo. Yalifika kwa mwanaume mwenye suruali ya tope, yakasimama. Akamwendea bila kupapasa kitu. Akaushika uso wake kwa mikono miwili.

"Ambakisye," alisema, "una mvi. Hakuna aliyeniambia mwanangu ana mvi."

Na yule mfanyabiashara wa mjini alilia mbele ya watu wote, huku mama akimfuta machozi na kumtazama, akimtazama tu, hashibi. Tusajigwe alipiga kigelegele, Bibi Sekela akakipokea, na wauguzi wakatoka wodini kuona kuna nini.

Ndugu zangu, Ambakisye alikuwa amekuja na kitu cha kuonwa na watu wote, na mama yake hakuwa akiona. Alichokuwa anakihitaji yule mama ni kufikishwa, ili amwone yeye.

Sisi je? Wangapi tuna imani ya gari tupu? Tukiwa peke yetu, barabara imenyooka, tunateleza na tunapendeza, kwaya inatupigia vigelegele. Siku Mungu anapotukalishia mtu kwenye kiti cha nyuma, mkwe mgonjwa, ndugu mlevi, jirani mzito, ndipo tunapoanza kukwaruza. Siku anapotuambia tukate kona, turudi, tuombe radhi, harufu ya kuungua inajaa nyumba. Na badala ya kuiweka fahari yetu chini, tunachukua msumeno. Tunakata ndoa, tunakata undugu, tunakata kanisa, ili fahari ipate raha.

Lakini mimi sikusimama hapa kuwahuzunisha. Yule mwanaume alipiga goti kwenye tope akaomba spana, na siku chache baadaye mama yake alikuwa anamtazama usoni. Kushinda kulianzia hapo, kwenye goti lile. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyechelewa kulipiga.

Nina hakika kuna mtu mmoja, kila mmoja wetu anamjua wa kwake, ambaye amesubiri sana kufikishwa mahali. Leo tukitoka, tusingoje mvua ikatike. Tupitie kwake, tumfungulie mlango, tumwambie apande.