Mwali wa Nyumba Yenye Ufa

Sogeeni, tukae tubanane. Leo nawafungia fundo, na nikishalifunga, kulifungua ni kazi yenu.

Palikuwa na nyumba ya kupanga mjini Korogwe, kando ya reli. Ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, mlango wa mbele na mlango wa uani. Wapangaji walikuwa wengi, lakini fundo letu lina watu watatu.

Wa kwanza ni Mwantumu, binti wa miaka kumi na sita. Aliacha shule akiwa kidato cha pili ili amtunze bibi yake, Bi Mwanakombo, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena. Kipaji cha Mwantumu kilikuwa macho. Akipepeta mchele, hakuna jiwe lililowahi kumpita.

Wa pili ni Mzee Hoza. Kipaji chake kilikuwa masikio. Kwa miaka thelathini alitembea relini akigonga chuma kwa nyundo, akisikiliza kasoro iko wapi. Hata chungu cha sokoni hakununua kabla hajakigonga.

Wa tatu ni Bi Sikudhani, kungwi. Kipaji chake kilikuwa sauti. Akipiga kigelegele cha kumtoa mwali, mwenye homa huacha kitanda akachungulie.

Basi, ukuta wa chumba cha Mwantumu ulipata ufa. Ulianzia chini, nyuma ya kitanda cha Bibi, ukapanda taratibu kama mzizi unaotafuta maji. Mwenye nyumba, Mzee Semboja, alikuja siku ileile na ndoo ya udongo na kopo la chokaa.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema akijifuta mikono. "Mimi nimeziba. Laleni."

Mwezi uliofuata ufa ulirudi. Akaziba tena. Wapangaji wakamsifu: ni mwenye nyumba gani siku hizi huja kwa kuitwa mara moja? Lakini Mwantumu hakupata raha. Alikisogeza kitanda, ila chumba chenyewe kilikuwa upana wa mkeka mmoja. Angekisogeza mpaka wapi? Na Bibi hawezi kukimbia. Ukuta ukianguka, utamkuta palepale.

Ufa uliporudi mara ya tatu, Mwantumu alisimama mbele ya ndoo.

"Babu, safari hii usiuzibe."

"Mtoto huyu! Unataka ukuta ufuge mijusi?"

"Nataka niuone unafanya nini. Ukiuziba, unatuficha sisi tu. Wenyewe unaendelea na safari yake."

Mzee Semboja alicheka, akaondoka na ndoo yake. Mwantumu akachana ukanda kutoka daftari lake la zamani, akapaka uji wa muhogo kama walivyokuwa wakigandisha majalada shuleni, akaubandika kukatiza ufa. Ukuta ukitulia, karatasi itabaki nzima. Ukitembea, itachanika.

Ukanda wa kwanza ulichanika siku ya nane. Wa pili ulichanika siku ya tatu. Masika yalikuwa yamepamba moto, na maji ya kufulia ya nyumba nzima yalikuwa yakimwagwa nyuma ya ukuta uleule. Jumamosi asubuhi alibandika ukanda wa tatu. Adhuhuri alipokuja kumlisha Bibi, akaukuta umekatika vipande viwili, na kati yake kidole kinapita.

Akatoka mbio mpaka mlango wa pili.

"Babu Hoza! Njoo usikilize ukuta!"

Mzee Hoza hakuuliza ukuta husikilizwaje. Alichukua mchi wa kinu, akagonga polepole toka pembe hadi pembe, sikio limegusa chokaa. Huku ukuta ulijibu kwa sauti nzito. Kule ulijibu kama mtungi mtupu. Akatoka ukumbini, akagonga na ukuta wa karibu na mlango wa uani. Nao ulikuwa mtungi mtupu.

"Msingi umeliwa na maji," alisema. "Upande wote wa uani unakuja chini, na ni leo. Mtu asipite mlango wa uani. Watoke kwa mbele tu."

Kumbeba Bibi peke yake Mwantumu hakuweza, akaanza kugonga milango. "Tokeni! Nyumba inaanguka!"

"Kwenye mvua hii?" alijibu mmoja. "Semboja ataziba."

"Nasuka nywele, mwanangu, niko nusu kichwa."

Wawili walianza kukusanya vyombo, wakielekea uani kuchukua sufuria zao. Mwantumu alihisi machozi yanamjia. Ndipo Bi Sikudhani alipojifunga kibwebwe.

"Watu wa mji huu hawakimbii balaa," alisema. "Wanakimbilia harusi."

Aliingia chumbani, akampandisha Bi Mwanakombo mgongoni kama kungwi anavyombeba mwali, akamfunika kanga kichwani, akaachia kigelegele kilichopasua mvua. "Mwali huyooo! Mwali anatoka mbele, njooni mumwone!"

Milango yote iliyobaki ilifunguka kwa pamoja. Wa sufuria waligeuka mikono mitupu. Mwenye nusu kichwa alitoka na chanuo limechomekwa nyweleni. Watoto walipita chini ya miguu ya wakubwa. Wote wakamfuata mwali kwa mlango wa mbele hadi barabarani, wakipiga vigelegele bila kujua nani kaolewa.

"Nani huyo?" waliulizana. Kanga ikafunuliwa.

"Ni mimi," alisema Bi Mwanakombo. "Mahari yangu iko wapi?"

Kabla hawajamaliza kucheka, upande wote wa uani ulilala chini kwa kishindo. Matofali yaliangukia kitanda kikiwa kitupu. Walihesabiana mara mbili pale mvuani: watu kumi na tisa, na hakuna aliyechubuka hata ukucha. Kigelegele cha pili kilikuwa na machozi ndani yake, na hicho hakikuongozwa na mtu.

Mzee Semboja alijenga upya, safari hii kwa msingi wa mawe na mfereji wa kupeleka maji mbali. Siku ya kuhamia alishika ufunguo wa chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, na nyumba nzima huitwa kwa jina la mpangaji wake.

"Ni wa aliyetuokoa," alisema.

"Mwantumu!" walisema wengine. "Asingeuona ufa, nani angestuka?" Mwantumu aliinamisha kichwa, ila moyoni alikitaka chumba kile: ukiacha siku ile ya mvua, Bibi hakuwa ameiona barabara kwa miaka miwili.

"Hoza!" walisema wengine. "Bila yeye tungepita uani, tukazikwa."

"Sikudhani!" walisema wengine. "Kuona na kusikia kungemtoa nani kitandani?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mzee Semboja akamwekea Bi Mwanakombo ufunguo kiganjani. "Wewe ndiye uliyetolewa. Amua."

Bibi akaugeuzageuza. "Mmoja ni mjukuu wangu. Mmoja alinisikilizia ukuta wangu. Mmoja alinibeba mgongoni. Nikimpa huyu, nitamtazama yule kwa jicho gani? Muulizeni asiyekuwamo ndani siku ile."

Asiyekuwamo ni wewe. Kiganja cha Bibi kiko wazi, na ufunguo umelala juu yake. Haya, uchukue: utamkabidhi nani?