Swali Moja la Kwemtindi

Hamjambo wote. Sogeeni huku kivulini. Na wewe mwenye redio, naomba uizime, siyo uipunguze. Hadithi hii ina mambo machache, lakini ukikosa neno la katikati utajibu vibaya mwishoni.

Hapo zamani, siyo zamani ya majini, zamani ya juzi tu, kulikuwa na mji wa milimani unaitwa Kwemtindi. Huko aliishi mama mmoja, Mama Singo. Mwanawe Singo alifika miaka minne bila kusema neno. Alipanga vizibo vya soda kwa rangi toka asubuhi mpaka jioni, na ukimwita hageuki. Mama mkwe akasema, tumbo lako hilo lina jambo. Mume akamsikiliza mama yake, akaondoka. Hospitali ya mbali ndiyo ikampa jina: mtoto ana usonji, kazaliwa hivyo, ubongo wake unaipokea dunia kwa namna yake.

Mama Singo hakukaa kulia. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akawakuta wamama sita wanaoficha watoto wao, akawatoa nje. Wakaanzisha chama. Wakachonga muhuri. Wakasimamisha bango lenye picha ya mtoto analia. Bila Mama Singo, chama hakipo.

Katika mji huohuo alikuwepo Tunu, fundi cherehani wa sokoni. Alishona sare za shule, na mashine ya kusaga ikiwaka alifunga kibanda mpaka inyamaze. Watu wakasema anaringa. Alipofika miaka ishirini na saba, daktari akamwambia kwamba naye ana usonji. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Singo.

"Shikamoo mama. Na mimi nimo."

"Marahaba. Umo wapi?"

"Kwenye usonji."

Mama Singo akacheka. "Wewe unaongea, unashona, unagombana na wateja. Usonji gani huo?"

"Na Singo siku hizi anaandika. Naye tumtoe?"

Kweli, Singo alikuwa anaandika. Kusema hakusema kamwe, lakini miaka na miaka alikaa kibandani kwa Tunu akinakili majina kwenye daftari la vipimo, mpaka siku moja akaandika maneno yake mwenyewe. Mimi nilishika kalamu nikiwa na wajukuu, kwa hiyo najua alichokibeba siku ile.

Basi miaka ikapita, wakasikia chuo kikuu kuna watu wanaochunguza usonji. Wakasema, tuwaandikie barua. Mama Singo alikuwa na muhuri, lakini kuandika hajui. Tunu alikuwa na maneno, lakini mwandiko wake hata yeye akirudi kuusoma anakwama. Singo akaandika, herufi zimenyooka kama zimepigwa rula. Bila Tunu, maneno hayapo. Bila Singo, barua haipo. Bila Mama Singo, chama hakipo.

Miezi minne ikapita, mtafiti akaja, mama mmoja mpole anaitwa Haule. Akawakuta ofisini kwa chama, chini ya bango lilelile. Akatoa fomu yenye mstari mmoja.

"Nimepewa mwaka mmoja nichunguze swali moja," akasema. "Wenzangu walitaka kulichagua wao. Nikawaambia hapana, walioandika barua ndio wachague. Gari linaondoka saa tisa. Niandikieni swali, mpige muhuri."

Mama Singo akasema, "Hilo halihitaji kikao. Singo, andika: usonji unatoka wapi."

"Ngoja kwanza," Tunu akasema. "Nani kakubali?"

"Katiba ya chama inasema wanachama ni wazazi. Wewe ni mnufaika."

"Nimenufaika nini, mama? Chai? Nina miaka thelathini na nne, na kwenye bango lenu bado nalia."

Mtafiti akasema, "Kila mmoja aniambie kwa nini swali lake."

Mama Singo akasema, "Miaka ishirini na saba watu wananiangalia tumbo. Sasa dada yake Singo, Mwanahawa, ana mimba ya miezi saba, na wakwe zake wameshaanza kumwangalia la kwake. Mtoto wake akifika umri wa kusema, nataka niwe na jibu la kuwapa. Mimi ndiye niliyeachwa, mimi ndiye niliyeanza. Swali ni langu."

Tunu akasema, "Mwaka jana kidole tumbo kilinishika. Nikafika zahanati kwa miguu yangu. Taa inawaka inazima, watoto wanalia, maneno yakanikimbia yote. Nesi ananiuliza unaumwa wapi, mimi namwangalia tu. Akaniambia nikitaka kuongea nirudi. Nilizimia getini. Nataka kujua mtu kama mimi atamwambiaje nesi panapouma. Mpaka uje ujue usonji unatoka wapi, mama, mimi nitakuwa nimeshakufa."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Halafu mkishajua unatoka wapi, mtauzuia. Mngeuzuia mapema, leo sare za shule angeshona nani?"

"Sijasema nikuzuie wewe. Nataka wamwache Mwanahawa."

Mtafiti akauliza, "Na Singo?"

"Singo ni mwanangu. Swali lake ni langu," Mama Singo akasema. Akasogeza fomu. "Andika, baba."

Singo akashika kalamu. Mwanamume wa miaka thelathini na moja, ndevu zimeanza kujaa. Hakuigusa fomu. Alichukua karatasi ya kukatia nguo mkobani mwa Tunu, akaandika polepole, akamsogezea Tunu asome.

Tunu akasoma: "Mama akifa, nitaishi na nani?"

Kisha Mama Singo akauliza, taratibu, "Mbona hujawahi kuniambia?"

Singo akaandika, Tunu akasoma: "Huwa unaniuliza kama nimekula."

Mama Singo akafuta uso kwa kanga. "Lakini hilo si la utafiti," akasema. "Hilo ni la ukoo."

"Ni la utafiti," mtafiti akasema. "Wazazi wakishaondoka, hakuna anayejua watu hawa wanaishi wapi. Hakuna aliyewahi kwenda kuangalia."

Tunu akamtazama Singo. Swali hilo nalo lilikuwa lake, maana mama yake mwenyewe alishazikwa. Lakini tumbo lake lina mshono wa kidole tumbo, na anaukumbuka.

Nje dereva akapiga honi. Tunu akaziba masikio. Mama Singo ameshika muhuri. Singo ameshika kalamu. Fomu iko katikati, mstari mmoja, mweupe. Akiandika analoambiwa na mama yake, linapigwa muhuri sasa hivi. Akiandika lingine, mama hawezi kulisoma, ila mama ameshajua kwamba mwanawe ana swali lake.

Mimi naishia hapo, saa kumi naingia kisomo na mwalimu hapendi wachelewaji. Msinifuate kunidokeza jibu njiani. Bishaneni hapahapa, nikitoka darasani nitapitia kuwasikiliza. Mmoja alianzisha chama, mmoja alitoa maneno, mmoja aliandika barua. Je, mstari ule ulikuwa haki ya nani?