Kokwa Moja ya Fenesi

Hapo zamani, zamani ya watu wala si ya majini, huko Pemba palikuwa na mwashi jina lake Mbarouk. Akamposa Zuwena, msuka mikeka, mwanamke mwenye mdomo wake. Siku ya ndoa mashahidi wakamfuata nyuma ya pazia kumwuliza idhini. Badala ya kuitikia akasema, "Ngojeni! Nina masharti."

Weh! Watu wakasogea karibu wasikie.

"Nyumba ni ya Mbarouk, sawa. Kula tutachangia. Wiki moja analeta yeye, wiki moja naleta mimi. Na tukiachana, kilicholiwa hakidaiwi. Kisicholiwa kinarudi kwa aliyekileta."

Watu wakacheka wakashika mbavu. Bibi harusi anazungumza talaka na pilau bado iko motoni! Lakini Mbarouk alimtaka, na alimtaka leo leo. Akapiga kelele, "Nimekubali! Mashahidi mmesikia!"

Wakaishi. Wiki ya Mbarouk, Mbarouk akaleta. Wiki ya Zuwena, Zuwena akaleta. Wiki moja Zuwena akaja na fenesi kichwani, kubwa, linanukia mtaa mzima. Wakalila, utomvu ukawaganda vidoleni, raha tupu! Zuwena akatia kokwa chunguni azichemshe. Mbarouk akadokoa moja kabla maji hayajapata moto, akaenda kuifukia uani.

Kokwa ikaota, na Mbarouk akasahau. Aliyekumbuka ni Raya, dada yake Mbarouk, aliyekuwa akikaa nao. Mbuzi wakija, Raya anawafukuza. Jua likiwaka, Raya anakwenda kisimani. Mti ukakua, ukanenepa, ukazaa mafenesi juu, mafenesi chini, mpaka shinani!

Mti ukazaa, ndoa ikafa. Wakagombana kwa chumvi, wakagombana kwa kuni, talaka ikatoka.

Akaja kadhi, kijana, kilemba chake kipya. Akasema, "Masharti mmeyatamka wenyewe, na mashahidi wapo. Yatasimama." Mitungi, ya Zuwena. Gunia la mpunga, la Mbarouk. Mambo laini kabisa! Mpaka walipofika uani.

Zuwena akaruka. "Sheikh, fenesi nilileta mimi, kwa wiki yangu, kwa kichwa changu! Nyama ililiwa, siidai. Kokwa haikuliwa. Kisicholiwa kinarudi kwangu!"

"Na ardhi?" Mbarouk akauliza.

"Ardhi yako! Hapa Pemba mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, tangu lini hujui? Wewe unabaki na nyumba. Mimi narudi kwa kaka yangu na mitungi. Mti huu ndio riziki yangu, sina mwingine."

Mbarouk akaja juu. "Sheikh, kokwa ile ilikuwa chunguni! Ilikuwa chakula, na chakula hakidaiwi. Ningemwachia, ingechemka, tungeitafuna, leo tungegombania nini? Nimeiokoa kwa mkono wangu, nikaizika kwa mkono wangu!"

"Ukaisahau kwa kichwa chako," akasema Raya.

Watu wakageuka. Raya hakuwa na kawaida ya kusema mbele za watu.

"Masharti yenu nimeyasikia. Hamna neno maji. Hamna neno mbuzi. Mmoja alileta kokwa, mmoja akaifukia, wote mkaingia ndani mkalala. Nani aliyeulea mti? Mimi sikuahidi kitu wala sikuahidiwa. Masharti yenu yananifunga vipi?"

Kadhi akapangusa uso. "Basi gawaneni mafenesi."

"Sitaki!" akasema Zuwena. "Nimeachwa, halafu kila msimu nibishe hodi kwenye mlango huu?"

"Sitaki!" akasema Mbarouk. "Kila msimu nimwone?"

"Sitaki," akasema Raya. "Nyinyi mmegawana kila kitu. Mimi nimewahi kupata nini?"

Kadhi akafungua kinywa. Kabla hajasema, puu! Fenesi likaanguka kutoka juu, likapasuka katikati ya ua, manjano, linanukia asali. Mikono mitatu ikalirukia kwa pamoja!

"Asiguse mtu!" kadhi akapiga kelele. "Atakayekula hili ndiye mwenye mti."

Wote watatu wakabaki wameinama, mikono hewani, wanamtazama. Na kadhi, maskini, anatutazama sisi.

Haya, nyinyi mnaocheka! Masharti yasimame, lakini yasimame upande wa nani? Je, nani alistahili kula?