Karakana ya Betheli

Kabla sijafungua hadithi, nifungue kwanza moyo. Mwaka mmoja kwaya yetu ilisifiwa sana kwa wimbo wa Pasaka, Padre akauliza ni nani aliyeitunga ile sauti ya tatu. Aliitunga mwenzangu Nyanzobe, ambaye siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Nilijua. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, watu wakadhani ni mimi. Sikusema ndiyo, wala sikusema siyo. Dhambi ile nimeiungama mara mbili, maana mara ya kwanza niliipunguza. Kwa hiyo mkinisikia nasimulia habari za wivu, msidhani naurushia mawe kutoka mbali. Naujua mpaka mlango wake.

Haya, sogeeni. Mwenye sikio asilizibe, na mwenye jibu asilimeze.

Walikuwapo vijana watatu Tabora, wa parokia moja, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Kalunde alipewa jicho. Alikuwa akikaanga vitumbua kwa shangazi yake, na ukimkuta barazani utaona jiko liko pale upepo hauli moto, ndoo iko pale mkono unafika, na benchi la wateja liko pale kivuli kinapopita. Hakufundishwa na mtu. Akitazama mahali, anaona tu ni kitu gani kinafaa hapo.

Mihayo alipewa mkono. Alikuwa msaidizi wa fundi wa kuchomelea vyuma, na mageti aliyoyapinda yeye watu walisimama njiani kuyatazama. Alikuwa na maneno pia, na aliyajua kuwa anayo.

Shija, mkubwa wao, alipewa subira. Alishona kwa mjomba wake, na kazi yake hasa ilikuwa matundu ya vifungo. Wengine wakishona matundu kumi husimama kunyoosha mgongo, yeye alishona mia na hakuna aliyemsikia hata akikohoa.

Sasa, katika chumba cha kompyuta cha parokia, Katekista Gervasi aliweka mchezo wa reli. Asiyeujua nitamweleza, maana hata mimi nilielezwa. Unapewa nchi tupu kwenye kioo. Unatandika reli, unajenga stesheni, unanunua treni zikusombee mizigo. Na treni hununuliwa kwenye karakana, na kila baada ya muda lazima irudi karakana kutengenezwa, kama mtu anavyorudi kitubioni. Isiporudi huchoka, ikichoka hufia njiani, na ikifia njiani zote za nyuma yake zinasimama.

Nchi yao waliiita Kanaani. Stesheni kubwa ikawa Yeriko, ya pili Betheli, ya tatu Hebroni. Ukipita nje ya dirisha unasikia mtu analalamika kwamba mahindi ya Hebroni hayajafika Yeriko tangu asubuhi.

Yakaja mashindano na vijana wa parokia ya jirani, ambao treni zao zilikuwa nyekundu, katika nchi hiyohiyo moja, kila kundi kwenye kompyuta yake. Muda ulikuwa wiki mbili, na watakaosomba mizigo mingi zaidi ndio washindi. Zawadi ilikuwa moja: nafasi ya miezi sita katika karakana ya reli ya kweli, kuvaa ovaroli na kujifunza ufundi wa injini. Mtu mmoja tu, na kundi lishindalo limtaje lenyewe.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akaketi nao. Kalunde aliitaka nafasi ile kuliko wali wa sikukuu. Miaka mitatu tangu amalize kidato cha nne alikuwa akinuka mafuta ya vitumbua, na shangazi alishaanza kumtajia wachumba. Mihayo aliitaka kwa sababu fundi wake alimwambia hana zaidi cha kumfundisha. Shija aliitaka, na hakuna aliyejua kwa nini, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Kompyuta yao ilikuwa moja, kwa hiyo walicheza kwa zamu, na Katekista aliwawekea sheria. Mwenye kipanya ndiye dereva, wengine abiria, na dereva asibomoe cha mwenzake bila kumuuliza. Tena kengele ya saa sita ikilia, wote husimama, huipa kompyuta mgongo, hutazama picha ya Bikira Maria ukutani na kusali Malaika wa Bwana. Mchezo wenyewe haukuweza kusimamishwa, kwa kuwa wale wekundu nao walikuwa ndani yake. Treni zilitembea, watu wakisali.

Wiki ya kwanza Mihayo alijenga karakana mdomoni mwa stesheni ya Yeriko. Ilikuwa nzuri mno. Reli zilipishana kama ususi wa kichwa cha bibi harusi, na vijana wa kwaya walikuja kuitazama. Katekista alimwita mhandisi mbele ya watu. Kalunde alisimama pembeni na sahani ya vitumbua alivyowaletea, akasikia neno lile, mhandisi, likimshuka tumboni kama kitumbua kibichi. Alijua mwishoni litaandikwa jina la nani. Tangu siku hiyo kila alipoitazama karakana ile aliiona inamcheka.

Mimi sisemi kwamba haikuwa na kasoro. Ilikuwa nayo. Treni zilizotoka kutengenezwa zilikutana uso kwa uso na zilizokuwa zinaingia na mizigo, na msongamano ulikuwa unakua kidogo kidogo. Lakini Kalunde hakuyaona hayo, pamoja na jicho lake lote. Wivu ulikuwa umelifunika.

Jumanne ya wiki ya pili, zamu ikiwa yake, kengele ikalia. Wakasimama, wakageuka ukutani. Kalunde naye alisimama na kufanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki mezani, juu ya kipanya. Nanyi mnajua mkono uliobaki nyuma hufanya nini. Sala ikiwa katikati aligeuza shingo, akabonyeza, na karakana ya Mihayo ikawa vumbi.

Ndipo hofu ilipompata. Treni arobaini na moja hazikuwa na mahali pa kutengenezewa, na sala ilikuwa inaelekea ukingoni. Ilimbidi aweke nyingine upesi, popote. Akaitupia macho nchi nzima, na kwa kuwa sasa hakuwa anamtazama Mihayo, jicho likafunguka. Nyuma ya Betheli kulikuwa na kibonde kitupu ambapo treni zote zilipita zikiwa tupu, baada ya kushusha mizigo. Hapo treni ikitengenezwa hakuna gunia linalocheleweshwa. Akaiweka hapo. Waliposema Amina wote walisema pamoja, na ya Kalunde ndiyo iliyokuwa kubwa.

Akawaambia ameihamisha kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inasonga stesheni. Ilikuwa kweli, na yeye alikuwa anadanganya. Vitu hivyo viwili vinaweza kukaa mdomo mmoja, ndugu zangu, niulizeni mimi.

Mihayo alikitazama kioo, kisha akatoa maneno.

"Kalunde dada yangu, umenijengea karakana porini. Haya. Nitakupelekea reli mpaka mlangoni, tuone nani atakuja kukutembelea."

Jumatano, zamu yake ilipofika, angeweza kuibomoa. Hakuibomoa. Karakana ile ilikuwa banda tu, limegusa reli kuu kwa ncha moja, na treni moja ikisubiri kuingia ingeifunga njia nzima. Mihayo akatandika njia ya pembeni, akaweka taa mbele na nyuma, akapinda reli ya kuingilia na ya kutokea ili mwenye kusubiri asubiri kando na mwenye haraka apite. Alifanya kazi zamu mbili bila kunywa maji. Mkono wake haukuwahi kufanya kazi safi namna ile, na safari hii hakuja mtu kutazama.

Lakini treni hazikuingia. Zilikuwa zimeagizwa moja moja ziende karakana ya Yeriko, na ya Yeriko haipo tena. Zikawa zinapita Betheli kama watu wanaopita mbele ya kanisa siku ya sokoni. Alhamisi asubuhi zilikufa njiani tano, wekundu wakawapita. Kalunde na Mihayo walirushiana lawama, Mihayo akisema kosa ni mahali, Kalunde akisema ni reli, mpaka Katekista akawatishia ufagio.

Alhamisi jioni Shija akakaa. Akafungua treni ya kwanza, akafuta agizo la zamani, akaandika jipya: ukishusha mizigo, pita karakana ya Betheli, ndipo urudi. Akafungua ya pili. Na hakuziagiza zote pamoja, kwa kuwa zingefurika kibondeni kwa siku moja. Alizipanga kwa zamu, hizi leo, zile kesho, kama mtu anavyopanga matundu kwenye ukingo wa shati. Arobaini na moja. Alipomaliza aliomba maji, na hilo ndilo neno pekee alilosema.

Ijumaa hakuna treni iliyokufa. Jumamosi jioni hesabu ikasomwa: wekundu tani elfu tisa mia moja, Kanaani elfu tisa mia nne. Watu waliimba. Kalunde aliimba pia, lakini alikuwa anamtazama Mihayo alivyobebwa juu juu, na wivu ukamrudia palepale.

Katekista akaweka fomu mezani. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Akawaambia mwenye gari la kuichukua anaondoka Jumapili baada ya misa ya pili, na fomu ikiwa tupu nafasi inakwenda kwa wekundu. Walimwomba aamue yeye. Akacheka.

"Suleimani alikuwa na mtoto mmoja na mama wawili. Mimi nina nafasi moja na walezi watatu, na upanga sina. Amueni wenyewe."

Jumapili, misa ya pili ikiendelea, walikaa chumbani watatu, na kalamu ikawa mkononi mwa Kalunde kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko. Mihayo alisema yake, kwamba karakana bila reli ni kibanda cha kuku. Kalunde akajibu kwamba reli bila mahali ni geti lisilo na nyumba, na walishaiona ya Yeriko. Shija hakusema, na wao hawakumuuliza.

Kalunde alikuwa na neno moja tu la kumeza, na jina lake lingeweza kuwa pale kwenye mstari. Alisogeza kalamu. Herufi ya kwanza ikakataa. Alikuwa ametoka kupokea komunyo katika misa ya kwanza, na ulimi ulikuwa bado haujasahau.

"Sikuihamisha kwa sababu ilikuwa inasonga," akasema. "Niliibomoa kwa wivu. Tena mkiwa mnasali. Ningeweza kuiweka hata juu ya mlima, nilitaka tu isiwepo."

Walidhani Mihayo atasimama, lakini alikuwa anatazama vidole vyake vilivyoungua cheche.

"Nilijua ulivyofanya," akasema. "Niliona kwenye kioo cha dirisha. Na ile njia sikuijenga ili ishinde. Niliijenga nzuri kabisa, ili karakana yako ikishindwa, asipatikane wa kusema kosa lilikuwa la reli."

Kalunde hakujua acheke au alie. Wakamgeukia Shija, wakimwambia kwamba basi nafasi ni yake, yeye ndiye mwenye moyo safi. Shija akatikisa kichwa.

"Maagizo yale niliyajua tangu Jumanne. Niliona treni zinakwenda kufa. Nikasema moyoni, acha zife kidogo, labda mtu atakumbuka kuniuliza."

"Treni tano, kaka Shija?" Kalunde akauliza.

"Tano. Nilikuwa nazihesabu."

Wakatazamana. Mahali pale pasingepatikana bila jicho, na jicho lilifunguliwa na dhambi. Reli ile isingenyooka bila mkono, na mkono ulisukumwa na kiburi. Treni zile zisingeingia bila subira, na subira ilikuwa imekaa siku mbili inanuna. Ungeondoa mmoja, wekundu wangeshinda. Ungeondoa wivu wa mmoja, mimi sijui, pengine wangeshinda mapema, pengine karakana ya Yeriko ingekuwapo hadi leo na msongamano wake.

Tena Kalunde alikuwa wa kwanza kusema kweli, na ndiye aliyekosa zaidi. Mihayo aliona kosa akanyamaza, wala hakubomoa. Shija hakumkosea mtu kwa tendo, ila aliacha ziangamie alizoweza kuziokoa.

Nje, gari lilikuwa limeshawashwa. Kengele ya mwisho wa misa ya pili ikalia, Katekista akafungua mlango, akanyoosha mkono kudai fomu. Kalunde hakuwa na wasiwasi tena wa kuandika, ila kwa mara ya kwanza tangu aanze kuitaka nafasi ile, hakujua anataka liandikwe jina la nani. Mstari bado ulikuwa mweupe.

Je, wewe mwenye kalamu ungeamua vipi? Utalipa kazi au utalipa moyo? Na kama ni moyo, utaupima siku ulipokosa au siku ulipotubu?

Naomba jina moja tu, na sababu yake. Msinipe mawili.