Vichuguu Vitatu vya Chilumba

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na kichuguu!
Nani alikidharau?
Tuambie!

Basi tulieni. Wewe uliye nyuma, acha kutafuna.

Hapo kale alikuwepo bwana mmoja, Chilumba, mwenye shamba zuri na roho mbaya. Jirani yake alikuwa shemeji yake, Bi Somoe, mjane wa marehemu kaka yake. Shamba la Bi Somoe lilikuwa kichanga kitupu: mvua inyeshe asubuhi, mchana pakavu. Na hilo nalo Chilumba alilitaka.

Akaenda kwa wazee wa ukoo, akakohoa kwa adabu. "Wazee wangu, ardhi haitaki uvivu. Tuweke sheria: mavuno yakifika, asiyejaza kihenge chake, shamba lake lichukuliwe na jirani."

Wazee wakakubali. Chilumba akarudi akipiga mluzi. Kichanga kijaze kihenge, wapi!

Sasa, shambani kwake kulikuwa na vichuguu vitatu, virefu kumpita mtu. Yeye aliviona uchafu. Siku ya kwanza akashika sururu, akavunja kimoja: pu! pu! pu! Udongo akautupa ng'ambo ya mpaka.

Bi Somoe akatoka mbio, mikono kichwani. "Shemeji, jamani! Nimekukosea nini? Nitupie mawe, nitupie miiba, udongo wa mchwa usinitupie!"

Moyo wa Chilumba ukaruka kwa furaha. Kumbe hapa ndipo panapouma!

Siku ya pili, kichuguu cha pili: pu! pu! pu!

"Tena, shemeji?" akalia Bi Somoe. "Afadhali kule mwisho wa shamba hujafika!"

Chilumba akajionea aibu kwa kupasahau. Akajaza matenga, akabeba mpaka kule mwisho. Msicheke, bado.

Siku ya tatu, kichuguu cha tatu: pu! pu! pu! Mgongo unamuuma, viganja vimetoka malengelenge. Bi Somoe akaketi, akajifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika.

"Analia," akasema Chilumba, akamwonea huruma kidogo.

Haya, analia. Kwao Bi Somoe walipanda mtama juu ya vichuguu tangu enzi za mababu. Lakini nani alimuuliza?

Mvua ikaja. Kwa Bi Somoe, udongo ule ukashika maji, mahindi yakasimama manene. Kwa Chilumba, maji yalizoea kuzama kwa vijia vya mchwa. Sasa vijia vimeziba. Maji yakapita juu kwa juu, yakaondoka na mbegu. Na mchwa, waliobomolewa nyumba, wakahamia wapi? Kwenye miguu ya kihenge cha Chilumba!

Mavuno yakafika, wazee wakaja. Kihenge cha Bi Somoe, pomoni. Kihenge cha Chilumba kimelala ubavu, ndani mchwa watupu.

Sheria ilikuwa ya nani?
Ya Chilumba!

Mzee mkubwa akasema, "Mama, shamba la jirani ni lako. Lichukue."

Chilumba akapiga magoti. "Shemeji, nihurumie! Nitakula wapi?"

Bi Somoe akalitazama lile shamba, huku na kule, akaguna.

"Ahsanteni, wazee wangu. Mwachieni mwenyewe. La nini? Halina hata kichuguu."

Hadithi yangu imekomea mpakani. Ikiwa tamu, ipandeni kwenu. Ikiwa mbaya, nitupieni shambani kwangu.