Nzohe Aliyekataa Mawe Mawili

Paukwa, mlioko mbele na mlioko nyuma.

Pakawa.

Wa nyuma siwasikii. Mnatafuna nini huko? Paukwa.

Pakawa, tupo, lete.

Haya. Hapo zamani za kale, zamani za mababu wa mababu zetu, palikuwa na nchi ya wanyama iliyoitwa Masafa. Iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mnyama akiondoka kusini kijana kwenda kaskazini, alifika huko ana wajukuu. Huku mvua, kule jua. Huku mawe, kule matope. Huku nyasi zinamfunika nyati, kule hakuna hata unyasi wa kuchokolea jino.

Na nchi hiyo yote ilikuwa na vyama viwili tu.

Chama cha kwanza kilikuwa cha Nyati. Kilisema nyasi zichomwe mapema, kiangazi kikianza, majani mabichi yachipue upesi. Chama cha pili kilikuwa cha Kifaru. Kilisema nyasi zichomwe mwishoni, mvua zikikaribia, wanyama wasikose malisho. Nyati, Mapema. Kifaru, Mwishoni. Basi. Cha tatu hakuna.

Tusiseme uongo, jambo hilo lilikuwa na faida yake. Kabla ya hapo kila jamii ya wanyama ilikuwa na mkubwa wake, na wakubwa walipigana mpaka damu. Vyama viwili vilipokuja, vita vikaisha. Kila mwaka wanyama walikusanyika uwanjani, katikati ya nchi. Palikuwa na jiwe jekundu na jiwe jeupe, na mstari umechorwa katikati yake. Wa Mapema walisimama kwenye jiwe jekundu. Wa Mwishoni walisimama kwenye jiwe jeupe. Hondohondo, yule ndege mkubwa mweusi mwenye sauti ya ngoma, alihesabu. Waliozidi nusu ya waliofika walitawala. Waliopungua walinuna, wakarudi nyumbani wazima. Nani hapendi kurudi nyumbani mzima?

Sasa sikilizeni. Kusini kabisa, nchi inapoishia, palikuwa na kinamasi. Huko aliishi Nzohe. Nzohe ni jamii ya swala, lakini ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu, zimepanuka, za kukanyagia matope. Kwenye matope anakwenda kama anacheza, pwata, pwata, pwata. Kwenye ardhi ngumu anateseka. Akimwona adui anaingia majini, anazama, anabakiza pua. Adui anatafuta, anachoka, anaondoka.

Huko kinamasini nyasi hazichomwi. Zitachomwaje, nazo zimesimama majini? Lakini kila mwaka Nzohe na jirani yake Fisimaji, yule mla samaki mwenye mkia mnene, waliulizwa: Mapema au Mwishoni? Walijibu tu, mwaka huu hivi, mwaka ule vile, kama mwenye kipara anayeulizwa asukwe mtindo gani.

Mwaka mmoja maji yakapungua. Mwaka uliofuata yakapungua zaidi. Mafunjo yakageuka manjano. Kambare wakalala matopeni, midomo wazi, pa, pa, pa. Asubuhi moja Chui akaja kinamasini kwa miguu mikavu. Nzohe akamkimbiza mwanawe wa kwanza majini. Wakaingia. Maji yakamfika Nzohe magotini. Wakalala, wakajibana, migongo iko nje. Chui hakuhangaika hata kutafuta. Alimchukua mtoto, akaondoka naye akitembea polepole.

Nzohe akalia mpaka sauti ikamkauka. Alipoacha kulia, akauliza, "Maji yetu yamekwenda wapi?"

"Sijui, dada," akasema Fisimaji. "Tuwaulize wakubwa."

Wakapeleka habari kwa Nyati. Mjumbe wa Nyati akaja, akasema, "Tumewasikia. Simameni nasi, maji yatakuja." Wakasimama kwenye jiwe jekundu. Nyati akashinda. Maji hayakuja.

Wakapeleka habari kwa Kifaru. Mjumbe wa Kifaru akaja, akasema, "Si tuliwaambia, wale ni waongo? Simameni nasi, maji yatakuja." Wakasimama kwenye jiwe jeupe. Kifaru akashinda. Maji hayakuja.

Nzohe akamwambia Fisimaji, "Sasa situmi tena mtu. Nitaupanda mwenyewe mto unaoleta maji yetu, nione yanaishia wapi."

"Kwa kwato hizo?"

"Kwa hizi hizi. Sina nyingine."

Wakaenda. Fisimaji alipita kwenye madimbwi yaliyobaki, Nzohe alipita ukingoni, kwenye mawe na udongo mkavu. Kwato zake zikapasuka. Walikwenda, walikwenda, walikwenda, mpaka wakafika mahali mto ulipokuwa ukishuka kati ya majabali mawili. Pale palikuwa pamezibwa. Mafuriko yalikuwa yameleta magogo yakakwama. Lakini juu ya magogo palikuwa na udongo, na udongo haukuja wenyewe. Ulikuwa umesukumwa. Nzohe akautazama vizuri. Huku ulikuwa na alama za pembe mbili zilizopinda. Huku ulikuwa na alama za pembe moja, ile ya puani.

Wakapanda juu ya kizuizi, wakachungulia upande wa pili.

Maji! Maji yalikuwa yamegeuzwa kuelekea katikati ya nchi, yakatuama, yakawa dimbwi kubwa, la ubaridi, lenye matope laini. Na ndani ya dimbwi walikuwa wamelala Nyati na Kifaru, ubavu kwa ubavu, wamefumba macho. Ndege wanaokula kupe walikuwa wakiruka kutoka mgongo huu kwenda mgongo ule, na wenye migongo hawakuwa na habari.

"Shikamooni, wazee," akasema Nzohe.

Nyati akafumbua jicho moja. "Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali."

"Nimefuata maji."

Wale wawili wakatazamana. Kifaru akasema, "Habari ya maji ni nzito, mama. Kwanza tuambie, mwaka huu unasimama wapi?"

"Mwaka juzi nilisimama kwa mzee Nyati. Mwaka jana nilisimama kwako. Mwanangu wa kwanza ameliwa. Wa pili nimemwacha kwa jirani mwingine, kwenye tope lisilomfunika masikio."

"Pole sana," akasema Nyati. "Sisi tulitaka kuleta maji. Hawa wa Mwishoni walituzuia."

"Hawa wa Mapema walituachia nchi imeharibika," akasema Kifaru. "Utaleta nini kwa mwaka mmoja?"

Nzohe akasema, "Wazee wangu, mnazuiana wapi? Mbona nawaona mmelala dimbwi moja?"

Tope likatoa povu, bwata.

"Nenda kapumzike," akasema Kifaru. "Tutaongea uwanjani."

Nzohe akashuka. Hakutukana. Hakulia pia. Kitu fulani kilikuwa kimekauka ndani yake, kikawa kigumu, akakisikia kinampa nguvu ya kutembea. Fisimaji akamfuata mbiombio. "Dada, sasa tusimame jiwe lipi?"

"Hatusimami."

"Kila mtu husimama."

"Basi watatuona sisi."

Siku ya uwanja ikafika. Hondohondo akaita, huu, huu, huu! Wakaja pundamilia, wakaja nyumbu, vumbi tifu mpaka mbinguni. Wakaja Choroa wa jangwa la mashariki, wenye pembe kama mikuki. Wakaja Mbuzimawe wa majabali ya kaskazini, wanatembea kwa ncha za kwato. Wakaja wa kinamasini, wachache, wamekonda, mbele yao Nzohe anachechemea.

"Mapema au Mwishoni?" akauliza Hondohondo. "Simameni."

Wakagawanyika, kukuru kakara, huku na kule. Vumbi lilipotulia, Nzohe alikuwa amesimama juu ya mstari. Fisimaji alikuwa nyuma yake, na wa kinamasini wote nyuma ya Fisimaji.

"Wewe, Bi Nzohe," akasema Hondohondo, "hapo hasimami mtu. Hapo ni mstari."

"Mimi nimesimama."

"Hapo hapahesabiwi."

"Sheria inasemaje? Si inasema hutangazi mpaka kila aliyefika awe amehesabiwa?"

Sheria ilisema hivyo hivyo.

Nyati akaja, sauti tamu kama asali. "Mwanangu, ukikaa hapo unamsaidia Kifaru."

Kifaru akaja upande wa pili. "Mama, ukikaa hapo unamsaidia Nyati."

"Sasa namsaidia nani?" akauliza Nzohe. "Maana kila mmoja ananiambia namsaidia mwenzake. Sikilizeni. Mnauliza nyasi zichomwe lini. Kwetu hakuna nyasi za kuchoma. Miaka yote nimejibu swali lenu. Leo niulizeni langu."

"Swali ni moja," akasema Nyati, na ile asali ikaisha.

"Nchi ni kubwa hivi, swali liwe moja?"

Akakaa chini. Kwato zake zilikuwa zinatoka damu, akazikunja chini ya tumbo, akatulia. Fisimaji akaanza kupiga mkia chini, ndi, ndi, ndi, na wa kinamasini wakaimba:

*Hatusimami huku,*
*hatusimami kule,*
*tuulizeni letu.*

Haya nanyi, itikieni: *tuulizeni letu.*

Jua likapanda. Likawa la utosini. Upande wa jiwe jekundu Mbuzimawe mmoja akajikuna shingo, akafikiri. Akaruka, tap, tap, tap, mpaka mstarini. "Kwetu ni mawe matupu," akasema. "Babu yangu alisimama Mapema, baba yangu alisimama Mapema, na mimi sijawahi kuona nyasi zikiungua. Shida yetu ni mapango yanayobomoka."

"Sijui lolote habari ya mapango," akasema Nzohe. "Kaa, unisimulie."

Choroa mkubwa akatoka jiwe jeupe. "Sisi tunataka njia ya kufika kwenye chumvi. Na nikuambie mapema, mama, huenda njia hiyo ikawaudhi wengine mlioko hapa."

"Huenda. Kaa hata hivyo, tugombane hapa mbele ya wote."

Mstari ukajaa. Hondohondo akahesabu jekundu: hawafiki nusu. Akahesabu jeupe: hawafiki nusu.

Hapo Nyati akakasirika. Akakwangua ardhi kwa kwato, kwaruu, kwaruu. Akainamisha kichwa, akaja mbio. Kishindo. Fisimaji akafumba macho. Mwili wote ulimwambia Nzohe zama, zama, lakini hapakuwa na maji ya kuzama. Akabaki. Akamtazama Nyati anavyokuja, akawaza mwanawe na ule mgongo wake mdogo ulioachwa nje. Nyati akasimama pua kwa pua naye.

"Toka," akasema.

"Sitoki."

"Kifaru," akaita Nyati, bila kugeuka, "njoo tumwondoe huyu."

Na Kifaru akaja. Akatoka kwenye jiwe lake jeupe, akavuka mstari, akasimama bega kwa bega na Nyati. Pembe mbili zilizopinda na ile ya puani, zote zikaelekezwa kwa swala mmoja aliyeketi.

Kisha Pundamilia mmoja mama, mtu wa Mapema tangu kuzaliwa, mwenye kovu la teke alilopigwa na wa Mwishoni, akasema taratibu, "Kumbe mnaweza kusimama pamoja?"

Nyati akatazama pembeni, Kifaru akatazama chini.

"Nauliza tena, wazee. Miaka yote hii mmetuambia wale ni adui. Nimegombana na dada yangu kwa ajili yenu. Kumbe mnaweza kusimama pamoja?"

Nzohe akainuka kwa shida. Akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa uwanja, "Wanaweza hata kulala pamoja. Twendeni niwaonyeshe dimbwi lao, na udongo waliozibia mto."

Wakaenda. Mapema wakaenda, Mwishoni wakaenda, wa mstarini wakaenda. Walipoona alama za pembe kwenye udongo, hawakusubiri amri. Nyumbu wakapiga mateke. Choroa wakachokonoa kwa pembe. Fisimaji akazama akaguguna magogo chini kwa chini. Mgongano wa pembe, mvutano wa mizizi, mpaka ukasikika mlio mmoja, ngwaaa! Maji yakapita.

Yalifika kinamasini yakiwa machafu, tena si mengi kama zamani, kwa sababu wa katikati nao walikunywa, na ilikuwa haki yao. Lakini yalimfunika mtoto wa pili wa Nzohe, yakabakiza pua. Mama yake akasimama kando akamtazama muda mrefu.

Tangu hapo mawe mawili yakaondolewa uwanjani. Kila pembe ya nchi ikaja na swali lake na msemaji wake. Je, mambo yakawa matamu? Hayakuwa. Mikutano ikawa mirefu. Makelele. Choroa na Mbuzimawe waligombania njia ya chumvi mpaka karibu wachomane pembe. Nyati na Kifaru bado walikuwa na wafuasi, na wafuasi wao walisema, zamani ilikuwa rahisi, ulisimama huku au kule ukaenda zako kulala.

Siku moja Nyati akamwambia Nzohe, "Unaona fujo uliyotuletea?"

Nzohe akamjibu, "Naiona, mzee. Kelele naziweza. Kiu ndiyo siiwezi."

Akageuka, akasubiri zamu yake ya kusema.

Basi jueni hili, wakubwa kwa wadogo. Nchi kubwa haienei katika majibu mawili. Wawili wakigombea kukutawala, usisikilize tu wanachobishania. Chunguza na kile wasichobishania hata siku moja, maana huenda ndicho walichokuchukulia. Na wakikuambia uchague huku au kule, nawe huna lako huku wala kule, unayo haki ya kukataa kusogea.

Ngano yangu nimeitua hapo. Anayebisha aje mbele na yake.